Mwili Ulale, Akili Ibaki Macho: Kutumia Midundo ya Bainoro Kwenye Taamuli na Ndoto

Kila anayefanya taamuli kwa muda mrefu hufika pale pale. Mwili unakuwa mzito, pumzi inafifia, picha zisizo na mpangilio zinaanza kupita mbele ya macho yaliyofumbwa, halafu kichwa kinaanguka kifuani na dakika ishirini zimekwenda bila wewe kuwepo. Mwongozo huu unahusu dakika hizo: namna ya kuzipita ukiwa unajijua kwa msaada wa mdundo wa bainoro, yaani rekodi ya toni mbili zinazotofautiana kidogo, moja kwa kila sikio; kwanza mchana ukiwa umekaa, kisha usiku ndani ya ndoto.

Tuseme mapema jambo ambalo wauzaji wa rekodi hawalisemi. Sauti haikupeleki popote. Kazi yake ni kukupa kitu kimoja kisichobadilika cha kushikilia wakati mengine yote yanayeyuka. Anayeweka hedifoni na kusubiri apelekwe huishia kulala tu, na usingizi wenyewe unakuwa na kelele masikioni.

Sauti inafanya nini kichwani

Sikio la kushoto likipewa toni ya hezi 200 (mitetemo 200 kwa sekunde) na la kulia hezi 206, utasikia toni moja inayopwita mara 6 kwa sekunde. Mpwito huo haupo hewani wala kwenye hedifoni. Unazaliwa kwenye shina la ubongo, pale taarifa za masikio mawili zinapokutana kwa mara ya kwanza. Mjerumani Heinrich Wilhelm Dove aliugundua mwaka 1839, na mwaka 1973 Gerald Oster aliandika makala iliyouweka tena mezani kwa watafiti. Huo ndio mdundo wa bainoro, yaani wa masikio mawili.

Una mipaka miwili ya kukumbuka. Toni zenyewe zikizidi hezi 1000 hivi, mpwito unapotea. Na tofauti kati ya masikio ikizidi hezi 30 hivi, mpwito unaacha kusikika na unabaki na toni mbili zisizoelewana. Kwa kazi yetu, toni za kati ya hezi 150 na 300 zinatosha: ni nzito kiasi cha kutochosha, na vifaa vingi vya masikioni vinazitoa vizuri.

Hans Berger alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, na tangu hapo mawimbi yamegawanywa kwa majina ya herufi za Kigiriki. Beta, hezi 13 hadi 30, ni ya mtu aliye macho na kazi zake. Alfa, 8 hadi 13, hujitokeza ukifumba macho na kutulia. Theta, 4 hadi 8, huongezeka usingizi unapoanza kukuchukua. Delta, chini ya 4, ni ya usingizi mzito. Hapo ndipo linapotoka wazo kwamba mdundo wa hezi 5 utauvuta ubongo uingie theta. Ushahidi wake ni wa kuyumba. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2023, yaliyokusanya tafiti 14 zilizopima umeme wa ubongo, yalikuta 5 tu zinazoliunga mkono wazo hilo moja kwa moja. Kwa hiyo ukiona faili limeandikwa “delta ya kina”, jua hilo ni jina lililobandikwa kwenye chupa. Kilichomo utakijua kwa kukijaribu.

Kuna ndugu wawili wa bainoro. Mmoja ni mdundo wa monoro, ambao toni mbili huchanganywa kabla hazijafika sikioni. Mwingine ni wa isokroniki, toni moja inayowashwa na kuzimwa kwa kasi maalumu. Hawa husikika hata kwa spika ya kawaida, na isokroniki hasa ina makali: inafaa kwa mtu anayepigana na kusinzia mchana, lakini usiku inachosha. Mwongozo huu unatumia bainoro kwa sababu ni laini, na kwa sababu ulaini huo unakulazimisha usikilize.

Vifaa, na jaribio ambalo wengi hawalifanyi

Kwa kikao cha kukaa, hedifoni yoyote inayofunika masikio inafaa. Kwa kulala unahitaji mkanda wa kichwa wenye spika bapa ndani yake. Vile vidogo vya kuchomeka sikioni vinaumiza ukigeukia ubavu, na maumivu hayo yatakuamsha kabla ndoto haijaanza.

Kabla ya kikao cha kwanza, fanya jaribio hili. Cheza faili, kisha ondoa upande mmoja: sikio lililobaki lisikie toni iliyonyooka kabisa, isiyotikisika. Badilisha upande: nyoofu vilevile. Rudisha pande zote mbili: sasa inapwita. Ukisikia mpwito kwa sikio moja peke yake, pande mbili zimechanganyika mahali fulani. Mara nyingi kosa liko kwenye mipangilio ya ufikivu ya simu, ambako kuna swichi ya sauti mono iliyowashwa na kusahaulika. Wakati mwingine ni faili la MP3 lililobanwa kupita kiasi. Tumia WAV, FLAC, au MP3 isiyopungua kilobiti 192 kwa sekunde. Zima pia ikwalaiza, kiongeza besi na ile sauti inayojifanya inatoka pande zote za chumba. Kila kimoja kinaweza kuharibu tofauti ndogo unayoitegemea.

Faili likae kwenye simu yenyewe, na simu iwe kwenye hali ya ndege. Ukicheza kutoka mtandaoni, tangazo litakulipukia saa kumi alfajiri.

Sauti iwe ya chini kuliko unavyodhani. Anzia kimya kabisa, panda hatua moja moja hadi mpwito usikike, kisha simama hapo. Pumzi yako iwe bado inasikika juu yake. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, lakini hapa hatukaribii hata robo ya safari hiyo: sauti kubwa haiongezi nguvu ya mdundo, inaongeza uchovu tu.

Kutengeneza faili la kikao cha dakika 45

Unaweza kununua, lakini ukitengeneza mwenyewe unajua kilichomo na unaweza kubadilisha kitu kimoja kwa wakati. Programu ya bure ya kuhariri sauti, Audacity, inatosha. Mpango ni huu: dakika 10 kwenye hezi 10, dakika 15 za kushuka taratibu kutoka 10 hadi 5, kisha dakika 20 za kukaa kwenye 5.

1. Anza na upande wa kulia, si wa kushoto. Sababu ni ndogo lakini inaokoa muda: kitufe cha End hupeleka kishale mwisho wa mradi mzima, na kama traki ndefu ya kushoto ipo tayari, utajikuta unabandika vipande mahali pasipo pake. Fungua traki mpya ya mono. Kwenye menyu ya Generate chagua Tone: umbo Sine, masafa 210, ukubwa 0.15, muda sekunde 600.

2. Bonyeza End. Sasa Generate, kisha Chirp, yaani toni inayohama taratibu kutoka masafa fulani hadi mengine: umbo Sine, masafa ya mwanzo 210 na ya mwisho 205, badiliko la Linear, muda sekunde 900. Angalia sehemu ya ukubwa kwa makini. Chirp ina namba mbili, ya mwanzo na ya mwisho, na programu huja imeziweka 0.8 na 0.1. Zote mbili ziandike 0.15, la sivyo sauti itaanza kwa kishindo na kufifia njiani.

3. Bonyeza End tena. Tone, 205, 0.15, sekunde 1200.

4. Fungua traki ya pili ya mono, rudisha kishale mwanzo kabisa, kisha Tone, 200, 0.15, sekunde 2700. Moja tu, bila kukatwa.

5. Sukuma kitelezi cha upande cha traki ya kwanza hadi kulia kabisa, na cha pili hadi kushoto kabisa. Kiwe asilimia 100. Ukiacha 90 umechanganya.

6. Ongeza traki ya tatu: Generate, Noise, aina ya Pink, ukubwa 0.1, sekunde 2700. Ni uvumi laini unaokaribia mvua ya mbali. Unafunika sauti za nyumba na kuifanya toni isichokonoe. Sikiliza: toni isikike ndani ya uvumi, sio juu yake.

7. Tia mwanzo unaopanda polepole wa sekunde 30 na mwisho unaofifia wa sekunde 60 kwenye traki zote tatu, kisha hamisha kama stereo. WAV ya biti 16 itakuwa na karibu MB 476. MP3 ya kilobiti 256 itakuwa karibu MB 86.

Namba hizi hazikuchaguliwa ovyo. Toni ya hezi kamili kwa sekunde kamili huishia pale pale ilipoanzia, kwenye sifuri, kwa hiyo kipande kinachofuata kinaungana nacho bila “tik”. Chirp ya 210 hadi 205 nayo ina wastani wa 207.5, ukizidisha kwa 900 unapata mizunguko 186,750 kamili. Ukibadilisha muda au masafa, hakikisha wastani mara sekunde unatoa namba isiyo na desimali. “Tik” ndogo ambayo mchana usingeijali, kwenye mpaka wa usingizi inasikika kama mlango uliobamizwa.

Kikao cha mchana

Usianze na usiku. Anayetaka kujitambua ndotoni bila kwanza kuweza kukaa mpakani akiwa macho anajirukisha darasa, na atachoka haraka.

Chagua saa ambayo huna njaa wala hujashiba, na ambayo hudaiwi usingizi. Kama usiku uliopita ulilala chini ya saa sita, lala tu. Hakuna mdundo utakaoshinda deni hilo. Kaa mgongo ukiwa umenyooka na kichwa kisiegemee kitu. Ukipenda kulala chali, egemeza kiwiko kitandani na simamisha mkono kuanzia kiwiko kwenda juu. Misuli ikilegea mkono unaanguka na kukurudisha. Ni mbinu ya zamani, na ni ya uhakika kuliko saa yoyote.

Dakika 10 za mwanzo, hesabu pumzi wakati wa kutoa, moja hadi kumi, kisha rudia. Usihangaike na mdundo. Acha uwepo tu.

Mdundo unapoanza kushuka, acha hesabu na uhamie kwenye sauti. Tafuta mpwito uko wapi ndani ya kichwa: katikati? nyuma ya macho? karibu na utosi? Watu hutofautiana, na mahali penyewe si muhimu. Muhimu ni kwamba swali hili linahitaji umakini hai ili lijibiwe, na ndio umakini tunaoufundisha. Kadiri mpwito unavyopungua kasi, utahisi umepanuka na kuwa wimbi kuliko mdundo. Ufuate.

Karibu na dakika ya 25 mambo huanza. Mikono inakuwa minene au inatoweka kabisa. Mwili unaonekana kuinama au kuelea. Sura za watu usiowajua, vipande vya mazungumzo, wakati mwingine jina lako likiitwa waziwazi. Mguu unaweza kuruka ghafla. Yote haya ni ya kawaida kwa mwanzo wa usingizi. Kila kikija, kipe neno moja kimoyomoyo: “picha”, “sauti”, “mguso”. Usikifukuze, usikifuate. Rudi kwenye mpwito.

Hapa ndipo watu wengi hupotelea, kwa hiyo tukae kidogo. Kupotea hakuanzi na giza. Kunaanza na picha unayoiamini. Sekunde moja unaona ngazi na unajua ni picha. Inayofuata unafikiria nani ameacha ndoo kwenye ngazi na kwamba lazima umwambie. Hakuna ngazi, hakuna ndoo, na wewe tayari hupo. Dawa yake ni swali fupi la kujiuliza kila baada ya pumzi kadhaa: mdundo uko wapi? Jibu likija papo hapo, upo. Likichelewa, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba kingine, ulikuwa umeshaondoka. Nyoosha mgongo, vuta pumzi moja ndefu, endelea. Ukigundua kwamba hukumbuki hata kama ulijiuliza, fungua macho kwa sekunde tano kabla ya kurudi.

Tatizo la pili ni kinyume chake: mdundo wenyewe unatoweka. Ubongo huacha kujali sauti isiyobadilika, kama unavyoacha kuhisi nguo mwilini. Usiongeze sauti. Peleka usikivu sikio la kushoto peke yake hadi uipate ile toni nyoofu, kisha la kulia, kisha yote mawili kwa pamoja. Mpwito utarudi wenyewe. Zoezi hili, kushoto, kulia, yote, ndilo faida kubwa kuliko zote za bainoro juu ya sauti nyingine, na hakuna anayelitangaza.

Ukiweza kufika mwisho wa faili mara tatu kwa wiki bila kupoteza zaidi ya dakika chache, uko tayari kwa usiku.

Usiku: kuingia ndotoni ukijijua

Usingizi huenda kwa mizunguko ya takribani dakika 90. Theluthi ya kwanza ya usiku inatawaliwa na usingizi mzito. Usingizi wa REM, ule ambao macho huchezacheza chini ya kope na ndoto huwa ndefu na za wazi, unarefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Maana yake ni moja: kuvaa hedifoni saa nne usiku ukitarajia ndoto ya kujitambua ni kupoteza usiku.

Kwamba mtu anaweza kujijua ndani ya REM si imani tena. Aprili 1975, huko Hull nchini Uingereza, Keith Hearne alirekodi macho ya mwotaji yakitoa ishara za kushoto na kulia walizokubaliana kabla, na Stephen LaBerge alifanya vivyo hivyo bila kumjua mwenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwaka 2020 watafiti walijaribu kitu kinachotuhusu moja kwa moja: waliwafundisha watu kuunganisha ishara za sauti na mwanga na hali ya kujichunguza wakiwa macho, kisha wakazitoa ishara hizo polepole wakati wa REM kwenye usingizi mfupi wa asubuhi. Nusu ya waliopewa ishara hizo walijitambua ndotoni na kutoa ishara ya macho. Hapo kuna nguvu kubwa kuliko mdundo wowote, na ndiyo maana faili la usiku lina sehemu mbili.

Faili la usiku ni la dakika 60. Dakika 20 za mwanzo ni 200 kushoto na 205 kulia pamoja na ule uvumi, na toni zififie taratibu kwenye dakika mbili za mwisho za kipande hicho. Uvumi uendelee peke yake hadi mwisho. Ukimya ukifuatwa na sauti utakuamsha. Kuanzia dakika ya 30, na kila baada ya dakika 5, weka ishara: toni tatu za hezi 400, 600 na 800, kila moja ya sekunde 0.2, zikifuatana kwa kupanda. Ukubwa uanzie 0.05. Ishara iwe katikati, masikio yote.

Jioni, kabla ya kulala, cheza ishara peke yake mara 10 hadi 15. Kila ikilia, simama kabisa. Jiulize kama hii ni ndoto, na usijibu kwa mazoea: soma maandishi yoyote yaliyo karibu, geuza macho, soma tena. Ndotoni maandishi hubadilika. Ziba pua na ujaribu kuvuta hewa. Ndotoni hewa hupita. Tazama ulichokuwa unakifikiri sekunde moja kabla. Ukifanya hivi kivivu, ishara itakuja ndotoni nawe utaijibu kivivu vilevile.

Lala kawaida, bila hedifoni. Kengele ilie baada ya saa tano za usingizi. Amka, toka kitandani, kaa dakika 20 hadi 30 kwenye mwanga hafifu. Andika ndoto yoyote unayoikumbuka. Rudia ishara mara tano. Simu isiguswe isipokuwa kwa faili. Mwanga na habari zake vitakuamsha mno.

Rudi kitandani, vaa mkanda, washa faili. Jiambie, kwa maneno yako mwenyewe, kwamba ndoto ijayo utakumbuka kuwa unaota, na wakati huohuo ione ndoto uliyotoka kuiandika ikirudi, safari hii ukijijua ndani yake. Hii ndiyo mbinu ya LaBerge, na ndiyo iliyojaribiwa kuliko nyingi. Mdundo uko nyuma yake tu. Uache usingizi uje. Ukiwa umefanya vikao vya mchana vya kutosha, huenda ukavuka mpaka bila kukatika: picha inapata kina, unaweza kuigusa, na umo. Isipotokea hivyo, usijilaumu. Ishara za dakika ya 30 na kuendelea zipo kwa ajili hiyo.

Ishara haiji ndotoni ikiwa kama ilivyo. Inakuja kama kengele ya mlango, ndege, simu ya mtu, au mashine inayopiga honi. Kwa hiyo jizoeze kushuku kila sauti ya noti tatu zinazopanda. Ukishajitambua, usikimbilie kuruka angani. Sugua viganja, gusa ukuta, tazama kitu kimoja kwa karibu hadi kitulie. Furaha ya ghafla ndiyo inayowaamsha wengi ndani ya sekunde kumi.

Fanya hivi usiku usiozidi miwili kwa wiki, isiyofuatana. Kukata usingizi kila siku kunaharibu usingizi wenyewe, na asiyelala vizuri haoti vizuri.

Neno kuhusu hezi 40

Mwaka 2009 mtafiti Ursula Voss na wenzake waliripoti kwamba kwenye ndoto za kujitambua kuna ongezeko la mawimbi ya ubongo ya karibu hezi 40, yaitwayo gama, na mwaka 2014 walichapisha jaribio la kuyachochea. Tangu hapo mtandao umejaa faili za “gama 40 za ndoto”. Jaribio la 2014 lilitumia mkondo hafifu wa umeme kichwani, si sauti. Na tofauti ya hezi 40 kati ya masikio imevuka mpaka ambao mpwito wa bainoro husikika. Tusichoweza kukisikia hakiwezi kuwa kishikizo. Yaache.

Yanayokwenda mrama

Kichwa kinauma au kuna kichefuchefu kidogo: karibu kila mara sauti ni kubwa mno, au toni ya msingi haikufai. Punguza, kisha jaribu 250 na 255 badala ya 200 na 205. Kikiendelea kuuma, acha.

Ishara inakuamsha kila ikilia: ipunguze hadi 0.03, au isogeze ianze dakika ya 40. Huisikii kabisa wala haionekani ndotoni: iongeze kidogo kidogo, usiku mmoja hatua moja.

Unabaki macho dakika zote 60. Hapo unasikiliza kwa bidii mno. Mchana tunashika mdundo. Usiku tunauruhusu ushike ukingo wa umakini tu. Ikitokea mara mbili mfululizo, punguza muda wa kukaa macho kutoka dakika 30 hadi 15.

Hukumbuki ndoto yoyote: hedifoni haitasaidia. Wiki mbili za daftari kando ya kitanda, kuandika kabla ya kusogea, ndiyo tiba.

Kukabwa na jinamizi kunastahili maelezo zaidi kwa sababu kunatisha, na mbinu hizi zinaweza kukuongezea hali hiyo. Wakati wa REM ubongo hulegeza misuli ya mwili ili usiigize ndoto zako. Akili ikiwahi kuamka kabla ya mwili, unajikuta huwezi kusogea, kifua kizito, na mara nyingi hisia kwamba kuna mtu chumbani. Hupita ndani ya sekunde hadi dakika chache. Usipigane nayo, pumua polepole, kwa kuwa misuli ya kupumua inaendelea kufanya kazi, na jaribu kuchezesha kidole cha mguu au ulimi. Kulala chali huichochea zaidi, kwa hiyo anayeisumbukia alale ubavu. Waliozoea huitumia kama mlango: badala ya kupambana, wanaelekeza akili kwenye ndoto inayojengeka mbele yao.

Wasiguse haya bila kuzungumza na daktari: mwenye kifafa au aliyewahi kupata degedege ukubwani, aliyewahi kupoteza mawasiliano na uhalisia, na mwenye tatizo la kukosa usingizi, kwa sababu kengele ya saa tano itamzidishia. Watoto hawahitaji. Na faili hili halichezwi kamwe ukiendesha gari au mashine.

Kumbukumbu na jaribio la mwisho

Daftari liwe na vitu vinne tu kwa kila kikao: faili gani, sauti hatua ya ngapi, dakika ya mwisho unayoikumbuka, na kilichotokea. Badilisha kitu kimoja kwa wiki. Anayebadilisha toni, muda na sauti kwa pamoja hatajua kilichofanya kazi.

Baada ya wiki sita hivi, tengeneza nakala ya mafaili yako isiyo na mdundo: pande zote 200, uvumi uleule, ishara zilezile. Mtu mwingine akupangie ipi ichezwe siku gani bila kukuambia, naye aandike pembeni. Usiondoe upande mmoja kujaribu, utajua jibu. Linganisha daftari baada ya wiki mbili. Kama dakika unazozikumbuka zimeongezeka kwenye faili lenye mpwito, endelea nalo. Kama hazitofautiani, futa mdundo, bakiza uvumi na ishara, na muda uliokuwa unautumia kurekebisha hezi uuhamishie kwenye lile swali la mchana.